Nafasi ya Vidole Viwili

Kwa miaka arobaini kwaya ile haikuimba wimbo ambao Mzee Rula, aliyepewa jina hilo kwa rula yake ya kuchorea mistari, hakuunukuu kwa mkono. Nota alijifunza peke yake, kwenye kitabu kilichokwisha jalada, na tangu hapo hakumwuliza mtu namna ya kufanya jambo. Juu aliandika mistari ya wanawake, chini mistari ya wanaume, katikati akaacha nafasi ya vidole viwili. Humo ndimo maneno yalimokaa, safu moja tu: wanawake wakiinamisha macho, wanaume wakiyainua, wote wakipumua pamoja. Enzi hizo mkono uliuimba wimbo kwanza. Siku hizi mtu huunukuu huku anatafuna.

Binti wa dada yake, katibu wa kwaya, alikuwa akikiandaa kitabu kipya cha nyimbo kwenye kompyuta. Humo ulikuwamo wimbo mmoja alioutunga Rula mwenyewe, wa pekee maishani mwake. Alipouona kwenye kioo, maneno yalikuwa yameganda chini ya nota za wanawake kama kupe.

"Nani kayapanga hivi?"

"Programu, Mjomba. Nitayarekebisha kesho."

"Kesho zenu nazijua. Nionyeshe kuyasogeza, basi."

Akamwonyesha kitufe chenye mshale. Rula akakaa siku tatu, akisukuma silabi moja moja hadi katikati, kisha akaegesha rula yake kwenye kioo kuhakikisha.

"Mjomba, hilo si daftari."

"Na wewe si mwalimu wangu."

Kwenye kiwanda cha uchapaji ukurasa ulipunguzwa, mistari ikasogeleana. Yale maneno aliyoyasukuma kwa mkono hayakusogea nayo. Yakaangukia nota za wanaume.

Siku ya mazoezi mtu wa besi alikisogeza kitabu puani. "Jamani, nota zetu zimeota ndevu."

Mwalimu wa kwaya akatazama. "Huu hausomeki. Tuuruke."

Rula akafunua kurasa nyingine. Kila wimbo maneno yalikaa katikati, safi, vidole viwili kamili.

"Haya uliyawekaje?" alimnong'oneza binti. Kwa miaka yote hiyo, lilikuwa swali lake la kwanza la kutaka kujifunza.

"Kuna agizo moja tu la kompyuta, Mjomba. Unaliweka, maneno yanakaa katikati yenyewe, hata ukurasa ukibadilika. Wako sikuugusa. Nani angethubutu?"

Kwaya ilikuwa imekwisha kuanza ukurasa uliofuata. Wanawake waliinamisha macho, wanaume wakayainua, wakapumua pamoja.