Fundi Makochi na Kanisa la Mkewe

Mtaani walimwita Fundi Makochi, kwa maana katika kujaza na kushona viti vya sofa hakuwa na mpinzani. Yeye Mlutheri, mkewe Mkatoliki, na katika ndoa yao hakuna aliyemvuta mwenzake. Jumapili walitoka nyumbani pamoja, wakaagana njia panda, kila mmoja akashika njia yake. Majirani waliwatania kwamba nyumba ile ina tiketi mbili za mbinguni. Wakikwama huku, watapenyea kule.

Mkewe alipofariki, misa ilisomwa kanisani kwake. Ulipofika wakati wa komunyo, mashemeji waliinuka wote wakapanga mstari. Fundi, kwa kuwa si Mkatoliki, alibaki peke yake kwenye benchi la mbele, karibu kabisa na jeneza, hajui mikono aiweke wapi.

Miezi ikapita. Siku moja mchungaji wake alimpitia karakanani.

"Mzee wangu, Jumamosi kuna mkutano wa madhehebu. Tunazungumzia kuungana tuwe kanisa moja. Njoo, usijifungie humu."

Akaenda. Walizungumza kwa adabu: habari za ubatizo, za meza ya Bwana, za nani atakuwa mkubwa wa nani. Kuna waliosema umoja ni agizo la Kristo, na kuna waliohofia kumezwa. Mwishoni waliulizwa kama kuna mwenye neno. Fundi akapiga moyo konde, akasimama.

"Mkiungana nitafurahi," alisema. "Ila kwangu mmechelewa. Mwenzangu ameondoka, na hatukuwahi kushiriki meza ya Bwana pamoja."

Akaketi. Padri aliyekuwa jirani yake akamshika bega. "Pole, baba." Mwenyekiti akashukuru, wakakubaliana kukutana tena mwakani.

Jioni binti yake, habari zimeshamfikia, alipiga simu kutoka mji wa mbali.

"Baba, kweli ulisimama mbele za watu?"

"Nilisimama."

"Mama angekuwepo angekuvuta shati ukae."

"Angenivuta, eti?"

Wakacheka wote wawili, kisha binti akasema mtoto analia, akaaga. Fundi alikaa na simu mkononi hadi kioo kikazima. Akawasha redio apate sauti ya mtu ndani ya nyumba, akapakua chakula, akala amesimama palepale jikoni.