Kasuku Wawili wa Sekina

Bahiga hakujaliwa utulivu. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye kituo cha simu cha Aleksandria, akiunganisha watu na jamaa zao, na kila msimamizi alipopita alimkuta amesimama. Alipostaafu, wenzake walimzawadia kiti kizuri cha kuegemea. Akakipeleka roshani na kukianikia nguo.

Kwa hiyo dada yake Sekina alikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi siku alipomletea tundu lenye kasuku wake wawili wadogo. Kesho yake alikuwa anakwenda Kairo kufanyiwa upasuaji wa nyonga, kisha akae kwa mwanawe mpaka apone. Kasuku wa buluu aliitwa Nili, na jike wa manjano aliitwa Zafarani.

"Mbegu na maji," alisema Sekina, akilishikilia tundu kana kwamba hajaamua kuliachia. "Basi. Usinijaribie mambo yako hapa."

"Mambo yangu yapi tena, dada?"

"Unayajua. Nimekulea mimi."

Kweli alikuwa amemlea. Mama yao alifariki Bahiga akiwa na miaka sita, Sekina kumi na sita, na tangu hapo neno la Sekina lilikuwa sheria, ingawa Bahiga hakuwahi kuifuata sheria hata moja bila kuichungulia upande wa pili.

Siku tatu alitii. Siku ya nne alikaa mbele ya tundu akawatazama ndege. Nili alikuwa mnene kama kidonge cha unga. Akiruka kutoka kijiti hiki hadi kile, alihema mdomo wazi. Manyoya ya Zafarani yalikuwa yamefifia. Mbegu asubuhi, mbegu jioni, miaka mitatu. Bahiga akajiuliza: mimi nikilishwa mkate mtupu miaka mitatu, nitakuwaje?

Akakata tango. Ndege walilikimbia kama wameona paka. Akakwaruza karoti, Nili akaikanyaga na kupita. Siku nyingi alihangaika hivyo, akienda jikoni na kurudi. Akaning'iniza jani la spinachi lililolowa, na Zafarani akajisugua nalo akaoga, hakulila. Mwishowe Bahiga akavuta kigoda, akaweka uso karibu na tundu na kuanza kutafuna karoti kwa mlio mkubwa, akiguna kwa utamu. Jirani yake Tawhida, aliyekuja kuomba ndimu, alisimama mlangoni akamtazama.

"Bahiga, mpenzi wangu, kama njaa imekuzidi si ungesema? Nina sufuria ya maharage motoni."

"Nyamaza, wanaangalia!"

Walikuwa wanaangalia kweli. Kesho yake Nili alidonoa karoti. Siku tatu baadaye Zafarani alikwanyua ncha ya jarjiri, yale majani yenye ukali ambayo hayakosekani mezani, akatikisa kichwa, akarudi kukwanyua tena. Bahiga alipiga kelele ya furaha hadi ndege wote wawili wakaruka kwa hofu.

Furaha ile ndiyo iliyomponza. Asubuhi iliyofuata alishuka mbio kwa mzee Mahrus, mwenye mkokoteni wa mboga, akachukua fungu zima la jarjiri. Siku zote alikuwa akiosha majani kwa subira, moja moja. Siku hiyo alilipitisha fungu chini ya bomba mara moja, akalikung'uta, akalifunga kwa uzi ndani ya tundu, na kwenda kwa Tawhida kumsimulia ushindi wake.

Aliporudi adhuhuri, Zafarani alikuwa ameketi sakafuni mwa tundu. Amejivimbisha manyoya kama mpira, macho yamefumba nusu, mkia ukipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Kifua chake kilikuwa kimelowa matapishi.

Bahiga alilichomoa fungu lile. Akalifunika tundu kwa shali, akatoka nalo kwenye mvua, na njiani hakuweza kuacha kusimama kwa Mahrus.

"Umeweka nini kwenye majani haya?"

"Mimi? Chumvi sijaweka," alisema Mahrus. "Mkulima anapuliza dawa ya wadudu, kama kila mkulima. Watu wazima wanakula, sembuse ndege!"

"Mtu mzima ana kilo themanini, we mzee! Huyu hana hata uzito wa yai!"

Mahrus alichungulia chini ya shali, na utani ukamtoka usoni. "Kimbia, mwanangu. Daktari wa wanyama yuko nyuma ya msikiti."

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, jina lake Nirmin. Alimpima Zafarani, akamdondoshea dawa mdomoni.

"Kosa si mboga, mama," alisema. "Mboga inawafaa. Ila loweka majani, kisha suuza kwenye maji yanayotiririka, jani kwa jani, mbele na nyuma. Uyakaushe. Kidogo kidogo, na masalio uyatoe kabla hayajachacha. Parachichi, kitunguu na kitunguu saumu, kamwe."

"Atapona?"

"Mweke karibu na taa apate joto. Mbegu na maji tu kwa sasa. Tusubiri."

Kusubiri! Angeambiwa apande minara yote ya mji kwa magoti ingekuwa rahisi. Alizunguka chumba, akafuta meza safi, akainua shali, akaishusha. Na kila alasiri simu ililia.

"Nisikilizishe ndege wangu," Sekina alisema kutoka Kairo.

Bahiga alisogeza simu kwa Nili, naye akapiga domo.

"Na Zafarani?"

"Amelala, dada."

Siku ya pili: "Anaoga." Siku ya tatu: "Anakula." Baada ya kila uongo, akishakata simu, alishindwa hata kunywa chai. Siku ya nne Zafarani alikuwa amepanda kijiti cha chini, lakini bado kimya. Simu ilipolia, Bahiga hakungoja salamu.

"Nimekudanganya, dada. Nilimpa jarjiri, sikuiosha vizuri, akaugua. Amekuwa mgonjwa siku nne."

"Nilijua," alisema Sekina. "Tangu mtoto, ukidanganya unaongea kama unasoma gazeti. Yu hai?"

"Yu hai. Leo amepanda kijiti."

"Basi sina la kukwambia mpaka nije. Nikija utanisikia."

Akamsikia. Sekina alirudi akitembelea fimbo, akamfokea saa nzima bila kukaa, na Bahiga, kwa mara ya kwanza maishani, hakujibu hata neno moja. Sekina akachukua tundu lake kwenda nalo kwake. Siku kumi dada hao hawakusemezana.

Siku ya kumi na moja ni Sekina aliyepiga simu.

"Umewafanya nini ndege wangu? Nikikata tango la saladi wananipigia kelele hadi majirani wanagonga ukuta. Na Nili anaruka nyumba nzima, hahemi."

"Wanataka tango, dada."

"Najua wanataka tango! Njoo."

Bahiga alifika kabla simu haijapoa. Sekina alikuwa ameketi jikoni, fimbo mapajani, bakuli la majani mbele yake. Alionyesha bomba kwa kidole, na Bahiga akaanza kuosha, jani kwa jani, mbele na nyuma. Alipotaka kuliweka la mwisho kwenye kitambaa, fimbo iligonga sakafu.

"Hilo osha tena."

Akaliosha tena.