Gongo Lililolia Ndani

Gongo la softiboli likianza kulia ndani, nani ameliharibu: aliyelipigia mpira au aliyelitwangia sombe, yaani kisamvu? Swali hilo la mwaka 2017 limenishinda hadi leo, na mimi ndiye niliyekuwa na tabia ya kuuliza kila kitu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepanga chumba mtaa wa Berea, katika fleti ya mama mmoja fundi cherehani kutoka Bukavu. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa akicheza ligi ya Jumamosi, ya kujifurahisha tu, kule Turffontein. Timu yao ilikuwa na magongo mawili, moja limepasuka. Nahodha akanipa sharti: nafasi ipo, lakini nije na gongo langu, tena liwe halali. Niliitaka sana nafasi ile. Mji huu niliujua kwa kazi na kwa kufunga milango. Hapakuwa na mahali ambapo ningechelewa na mtu akaona.

Nikauliza halali maana yake nini. Nahodha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alinieleza kama anayesomesha darasa: urefu usizidi inchi thelathini na nne, unene usizidi inchi mbili na robo, liwe na muhuri wa softiboli, lisiwe na bonde, wala ufa, wala kitu kinachocheza ndani. Nikauliza kwa nini robo na si nusu.

"Eish, dada," akasema. "Refa hatakueleza kwa nini. Atalitoa tu."

Nilikwenda kwenye duka la vitu vilivyotumika, Rosettenville. Muuzaji akaniuliza nataka la gari au la nyumba. Nilipojibu la kuchezea, alimwita mwenzake aje asikie. Mengi kwenye pipa lake yalikuwa ya besiboli, manene mno kwetu. Watu huyalaza chini ya kiti cha gari, na mwizi hapimi unene. Mimi nilikuja na kadibodi niliyoitoboa tundu la kupimia. Moja jeusi, zuri, lilipita tunduni, ila muhuri ulikuwa umekwanguliwa. Muuzaji akaapa kwamba ulikuwepo. Nikamwambia hata mimi niliwahi kuwa mtoto mchanga. Mwishowe nikapata la alumini, rangi imefifia, muhuri unasomeka. Nililipapasa lote nikitafuta mabonde. Kama nililitikisa, sikumbuki. Redio ya duka ilikuwa juu.

Nililitumia mazoezini wiki kadhaa. Siku ya mechi yangu ya kwanza refa alilipitisha kwenye pete yake ya kupimia unene, akasoma muhuri, kisha akalitikisa karibu na sikio. Kitu kikacheza ndani. Akabonyeza kifuniko cha plastiki kwenye ncha nene, nacho kikatingishika. Akasema ncha hii imegongeshwa chini mara nyingi, kama mtu anayetwanga. Akaliegemeza kwenye uzio. Nahodha akaniambia leo nitumie la timu, lakini Jumamosi ijayo nije na jingine au nikae nje.

Nilirudi nyumbani, nikaliweka gongo mezani mbele ya mama mwenye fleti, nikamwambia refa amelikataa, anasema limetwangiwa. Akasimamisha cherehani.

"Njo mimi, mimi mwenyewe," akasema. "Mchi yangu ilipasuka. Nilitwanga nayo sombe, ile siku ulikula ukaongeza."

Niliikumbuka sombe ile. Ilikuwa laini.

Hakujitetea, nami sikuuliza zaidi. Kabla ya Jumamosi alifunga kazi mapema, tukaenda wote dukani. Aliyachukua magongo moja moja, akayatikisa sikioni kama anayechagua mayai, huku mimi nikipima na kadibodi yangu. Muuzaji akataka kujua kama safari hii ni la nyumba. Mama akamjibu kwa Kiingereza chake kichache kwamba ni la mtoto wake, anacheza timu. Akalipa yeye. Refa alilipitisha bila neno, na nilicheza pale misimu miwili.

Kwa muda mrefu niliwasimulia watu kisa hiki kama mfano: kila athari ina chanzo chake, ukikitafuta utakipata. Nilikuwa nimekwishahama Berea nilipomtembelea mama siku moja nikamkuta anatwanga, kwa mchi mpya. Nikamtania kwamba afadhali safari hii ligi iko salama.

Akacheka. "Ile gongo nilishika kule kunene, mwanangu. Nilifunga mpini na nailoni safi, nikatwanga na huko. Kule kwa mpira, ningegusisha kinu namna gani? Ningekuharibia mchezo."

Kile kifuniko cha ncha nene hakikuwahi kugusa kinu.