Maneno ya Mama Ndani ya Mti

Kaka yangu ni mtu wa kompyuta, na kama wengi wa aina yake, njia rahisi haimpendezi kama hakuichonga mwenyewe. Madaktari waliposema mama atapasuliwa koo kwa ajili ya saratani na sauti haitarudi, nilimwambia kaka arekodi maneno ya lugha ya kwao mama kwenye simu. Akanicheka. "Sauti utaitafutaje, dada? Mimi nataka uandike neno, maana ije papo hapo."

Lugha ile mama aliizungumza na dada yake tu, na mama mkubwa alishafariki. Sisi tulilelewa kwa Kiswahili. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo yote aliyokuwa nayo kichwani yangetoka mdomoni au yasitoke kabisa.

Basi wakakaa kwenye meza ya jikoni, mama akitaja, kaka akiandika kwenye kioo cheusi kisicho na picha wala pambo. Programu yake iliyapanga maneno kama mti: yanayotangulia kialfabeti kushoto, yanayofuata kulia. Upande mmoja ukizidi uzito, inazungusha matawi ili mti ukae sawa. Mama alikohoa, akanywa maji, akaendelea.

"Hilo umeliweka, baba?"

"Limeingia, mama."

Idadi pembeni mwa kioo ilipanda, naye akaiamini.

Mama aliporudi kutoka hospitali, akiwa na tundu shingoni la kupumulia, kaka alitaka kumfurahisha. Akaandika neno la umande. Programu ikajibu: Halipo. Akaandika la mkwe. Halipo. La jiwe la kusagia. Halipo.

Kosa alilipata upesi. Tawi linapopandishwa juu, mtoto wake mmoja, yaani tawi dogo lililo chini yake, hukabidhiwa mzazi mwingine. Kaka alisahau kumkabidhi. Kila mti ulipojisawazisha, kundi zima la maneno liliachwa bila wa kulishika, likapotea. Ile idadi ilihesabu yaliyoingia, si yaliyobaki.

Nilitamani kumzaba kofi, mtu mzima na ndevu zake. Akaongeza mstari mmoja tu, programu ikapona. Kisha akavuta kiti karibu na mama, akaweka vidole kwenye kibodi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, naomba tuanze upya. Lolote tu."

Mama alimtazama bila hasira. Akafungua mdomo, midomo ikacheza, na pumzi ikatokea shingoni.