Msimu Nilioachiwa Mashine ya Kufunga Chakula

Mke wangu aliondoka Newala na basi la alfajiri, kanga mbili na kikapu, hata chai hakunywa. Binti yetu alikuwa amejifungua huko Dar es Salaam kabla ya wakati, na mtoto amelazwa kwenye chumba cha joto. Hakuna aliyejua mambo yatakwendaje. Mbaazi zilikuwa zimeanikwa uani, makopa, yaani vipande vya mihogo iliyokaushwa, yalikuwa yanakuja kutoka shambani kwetu Makote, na mikorosho ilikuwa imeanza kudondosha. Mlangoni aliniambia nisiache chakula kiliwe na fukusi. Akanionyesha kabati la mashine, akaenda.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka yote ya ndoa yetu nilikijua chakula shambani na nikakijua kwenye sahani. Safari yake ya katikati niliiacha kwa mke wangu. Mama yake alikuwa akihifadhi kunde kwa majivu na mahindi kwa moshi wa jikoni, naye alifuata hivyo hivyo mpaka binti yetu alipomletea ile mashine. Ni chombo kirefu, chembamba, chenye kifuniko. Unaingiza mdomo wa mfuko wa plastiki, unabana kifuniko, kinanguruma, hewa inatoka na mfuko unanywea mpaka unashika chakula kama ngozi. Kisha waya wa moto uliomo ndani unayeyusha mdomo wa mfuko, unajifunga. Mngurumo wake niliuzoea. Kuigusa, sikuwahi.

Makopa yalipofika niliyafunga yote mchana mmoja, nikajiona fundi. Asubuhi nikakuta mifuko karibu yote imelegea, imejaa hewa. Nikakata, nikafunga upya. Kesho yake yakawa yale yale. Jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye mke wangu humwita dada, alipita kuchaji simu akaikuta mifuko imetapakaa mezani. Nilimweleza. Hakucheka, ingawa niliona anajizuia. Alisema, "Shemeji, mpigie mwenye mashine. Sisi wengine tutakupoteza."

Sikutaka kumpigia. Mwenzangu anashinda kwenye benchi la hospitali akisubiri zamu ya kumwona mjukuu, nami nimpelekee habari za mifuko? Lakini jioni alipiga mwenyewe. Akasema mtoto bado hawezi kunyonya, analishwa kwa mpira, na binti yetu hali chakula vizuri wala hataki kuzungumza na mtu. Ndipo nikamwambia, angalau niseme kitu, kwamba makopa yamenishinda.

Akauliza nimeyafungaje. Nikamwambia nimeyatia mfukoni kama yalivyo.

"Baba watoto, makopa yana ncha. Hewa ikivutwa plastiki inakazwa juu ya ile ncha, inatoboka. Yazungushie karatasi kwanza."

Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya nyumbani. Akaendelea kunifundisha: nisijaze mfuko hadi juu, mdomo wake uwe mkavu na usiwe na mkunjo, niipumzishe mashine kila baada ya mifuko michache, kwa sababu waya ukipata moto sana huunguza badala ya kufunga. Nikimaliza nisiirudishe kabatini kifuniko kikiwa kimebanwa, maana mpira wa pembeni, ule unaozuia hewa isiingie, utalala na hautainuka tena. Kuhusu vyakula vyenye majimaji alikuwa mkali kidogo. Mboga iliyopikwa nisithubutu kuifunga nikaiacha kabatini, kwani kukosa hewa hakuizuii kuharibika, na inaweza kugeuka sumu bila kutoa hata harufu. Tulizungumza mpaka salio lake likaisha.

Tangu siku hiyo simu zetu zikawa na sehemu mbili: kwanza mtoto, kisha mashine. Nadhani bila ile sehemu ya pili, ya kwanza ingetuelemea.

Korosho zilipopatikana nikaamua kuwapelekea. Nilizichoma uani, nikazibangua, mikono ikawa myeusi kwa yale mafuta ya maganda. Nikaziacha zipoe kabisa, nikazitia mfukoni. Mashine ikanguruma na kunguruma, mfuko haukunywea. Jirani akaja akabana kifuniko kwa mikono yote miwili, wapi. Nikaanza kufikiria kuipeleka kwa fundi wa redio Masasi. Mke wangu akaniambia nisiende popote kabla sijautazama mpira.

Nikauchomoa. Ulikuwa na vumbi la makopa lililogandana na mafuta, na vumbi hilo lilikuwa linaachia njia ya hewa. Wiki hiyo bomba lilikuwa kavu na tangi limefika chini, lakini kikombe kimoja na kitambaa chenye sabuni kidogo vilitosha. Niliufuta mpira, nikafuta na ule mfereji wake, nikauacha ukauke kivulini. Nilipourudisha, mfuko ukanywea mara moja, kila korosho ikaonekana umbo lake. Nikaukabidhi mzigo kwa kondakta wa basi la Dar.

Simu iliyofuata niliipokea nikitarajia sauti ya mke wangu.

"Baba, shikamoo."

Alikuwa binti yetu. Tangu ajifungue hatukuwa tumezungumza.

"Marahaba, mwanangu."

"Korosho nimekula, na mama nimempa kidogo tu." Kisha akasema, "Mtoto amenyonya leo. Amenyonya mwenyewe."

Nilimshukuru Mungu baadaye, simu ikiwa imeshakatika, peke yangu mezani katikati ya mifuko.

Mke wangu alirudi mvua zikiwa zimeanza. Kabla hata ya kuoga alikwenda stoo, akaipapasa mifuko mmoja mmoja, akautoa mmoja wa mbaazi uliolegea, akasema huo tuupike leo. Hakuniambia nimefanya vizuri. Lakini tulipofika kwenye korosho za mwisho za kufunga, alivuta kiti, akakaa upande wake wa meza na kuanza kujaza mifuko. Kisha akaisogeza mashine mbele yangu.