Sisi Wali, Baba Uwele

Nisiseme uongo: mwezi ule nilimchukia shangazi yangu. Baba ana sukari, kidonda cha kidole cha mguu kimegoma kupona, na daktari ametuambia waziwazi kwamba sukari isiposhuka kidole kitakatwa. Shangazi anashuka kwenye basi la kutoka Ikungi na mfuko wa mchele. "Nimemletea kaka yangu chakula cha watu."

Chakula cha watu! Nesi alikuwa ameshanieleza hadi nikaelewa. Mchele huu mweupe tunaoupenda, mashine imeuvua pumba, na lishe nyingi imekwenda na pumba. Kinachobaki zaidi ni wanga, na wanga huo hauchelewi kuwa sukari kwenye damu. Si sumu, alisema, ila kwa Baba uwe kidogo sana. Bora ugali wa uwele usiokobolewa, tonge la ukubwa wa ngumi, na maharage na mlenda wa kutosha.

"Uwele tulikula kwa sababu ya shida," shangazi akasema. "Leo mko mjini, nyumba ya bati, unamlisha mzee kama kuku?"

"Shangazi, shikamoo yako nimekupa asubuhi. Jikoni kwangu usiingie."

Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Basi kila mchana nikapakua sinia la wali, mimi na wanangu tukalizunguka mkekani. Baba nilimwekea sahani yake ya uwele kwenye stuli, pembeni. Siku ya kwanza hakuigusa. Ya pili vilevile. Ya tatu nikampandishia sauti mbele ya wajukuu zake.

"Kula, Baba! Unataka kidole kikatwe?"

"Kikatwe."

Shangazi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaguna. Nikamgeukia. "Umeona? Mchele wako huo!"

"Mwache shangazi yako," Baba akasema. "Mchele naweza kuuacha. Utotoni tuliuona sikukuu tu, na hatukufa. Lakini tangu lini humu ndani mtu anakula peke yake kama mchawi? Na kama uwele ni mzuri hivyo, mbona wewe huuli?"

Mtu mzima mimi, na sijawahi kumaliza hata sahani moja ya uwele, kwa sababu yeye alijinyima ili nikue kwa wali. Nilikuwa na hasira, na safari hii haikuwa kwa shangazi.

Nikalinyanyua sinia la wali. Mwanangu mdogo akaangua kilio; nikamwambia alie tu. Nikalirudisha jikoni, nikaja na ugali wa uwele uliobaki na sufuria ya mlenda, nikaviweka katikati ya mkeka. Nikamega, nikachovya, nikameza. Ulinikwaruza koo. Nikamega tena.

Baba akateremka kitini polepole, mguu mbovu ukitangulia, akanawa mikono.

"Sogea huko," akaniambia, "utanimalizia mlenda."