Mbuzi Aliyekanyaga Uwanja Wetu wa Tenisi

Mvua ya kwanza ikigonga udongo wa kichuguu, hutoka harufu kama ya chungu kipya kilichotiwa maji. Nikiinusa, hata leo na ukubwa wangu huu, nyayo zinaanza kuniwasha. Wacha niwaambie kwa nini.

Baba alikuwa karani Nyamira, na kila jioni alirudi nyumbani Kiogoro na wazo jipya. Nilipotimiza miaka tisa, akaniletea raketi ya tenisi. Uwanja je? Hatukuwa nao. Tulikuwa na kipande cha shamba nyuma ya jiko, kinachotosha nusu uwanja ukijibana, na Mama alishakitengea maharagwe. Walibishana mpaka Mama akakata shauri: "Baba Kerubo, masika yakianza kabla mpira haujaruka hapo, mimi napanda."

Basi ikawa mbio. Nyasi Baba alizikataa mara moja, maana fuko wa kwetu wangezichimbua kabla hatujajifunza kuhesabu pointi. Saruji ingenichuna magoti. Vikabaki murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, na udongo wa kichuguu. Akatandaza kidogo cha kila aina, akawa anaangusha mpira kutoka begani, nami naweka alama kwenye kijiti pale uliporukia. Kwenye murram uligonga kokoto ukakimbilia kwa jirani. Kwenye kichuguu uliruka wima, ukarudi mkononi mwake.

"Umeona?" akaniuliza, macho yamemtoka. "Huu ndio ule nyanya yako anakandikia sakafu."

Tukausomba kwa wilbaro, tukaulowesha, tukaushindilia, tukaukandika. Kisha likaja lile neno baya: usikanyagwe siku nne. Siku nne, jamani! "Subira huvuta heri," Baba alisema. Mimi nilitaka heri ije yenyewe bila kuvutwa. Nilikaa mlangoni na raketi, nikalala nayo, na shuleni mwalimu aliniita mara tatu sikusikia.

Siku ya tatu, Baba akiwa kazini, niliugusa kwa kidole. Nikauona mgumu. Nikapiga mpira mmoja tu, halafu mwingine, nikaukimbiza huku na huku, miguu mitupu. Nilipogeuka, woi! Uwanja mzima ulikuwa mashimo ya visigino na vidole vyangu.

Baba alirudi, akasimama pale bila kuvua koti. Mama alipotoka jikoni, Baba akamwambia, "Ni mbuzi wa jirani."

Mama akatazama uwanja, akatazama miguu yangu. "Huyo mbuzi aoshe miguu kabla ya kula," akasema, akarudi ndani.

Usiku masika yakaanza. Asubuhi uwanja ulikuwa uji, na wiki hiyo Mama akapanda maharagwe yake. Sikuchapwa wala kuulizwa. Kwa miaka mingi nilijihesabu mjanja niliyeponea chupuchupu, tena niliamini kilichoharibika kilikuwa changu peke yangu.

Mwaka jana Baba alistaafu, nikaenda kumsaidia kupanga kabati lake. Nyuma ya makoti nikakuta raketi ya pili, ya mtu mzima, bado imo ndani ya nailoni ya dukani. Nikamuuliza ni ya nani.

Akaipokea, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Ilikuwa inangoja udongo ukauke," akasema.

Afadhali angenichapa siku ile.